Chanjo ni kwa Kila Umri
Mazungumzo kwa Makatibu na Wanachama wa Vyama vya Msingi



Mkulima wa kahawa hangoji chulebuni ienee shambani ndipo akumbuke kunyunyizia dawa. Hunyunyizia mapema, tena hurudia kwa majira yake, kwani anajua kwamba dawa ya msimu uliopita haiulindi mbuni msimu huu. Hekima hiyo hiyo ndiyo inayotakiwa katika jambo la chanjo. Wengi hudhani kwamba chanjo ni shughuli ya watoto wachanga na mama zao tu, na kwamba kadi ya kliniki ikijaa kazi imekwisha. Dhana hiyo si sahihi, na hasara yake huwaangukia hata watu wazima wenye nguvu za kulima.

Faida ya chanjo imekwisha kuthibitika. Ndui iliua na kupofusha watu kwa karne nyingi. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa kwa njia ya kawaida alipatikana Somalia mwaka 1977, na mwaka 1980 ikatangazwa kwamba maradhi hayo yametokomezwa duniani. Hapa Tanzania mpango wa taifa wa chanjo ulianza mwaka 1975, na tangu hapo umekuwa ukipanuka.

Safari ya chanjo huanza siku ya kuzaliwa, mtoto anapokingwa dhidi ya kifua kikuu na polio. Katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14 hukingwa dhidi ya dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini, kichomi na maradhi mengine. Akifika miezi 9 huchanjwa surua na rubella, na chanjo hiyo hurudiwa akiwa na miezi 18. Hii ya pili ndiyo rahisi kusahauliwa, maana mtoto anatembea na mama amekwisha kurudi shambani. Lakini surua huenea upesi mno. Ili izuiwe, yapasa watoto 95 katika kila 100 wawe wamechanjwa mara mbili. Hapo kinga ya wengi humlinda hata mchanga asiyefikia umri wa kuchanjwa. Huo ni ushirika halisi: kila nyumba huchangia, na mnyonge hunufaika.

Baada ya utoto huja zamu ya wasichana. Tangu mwaka 2018 hutolewa nchini chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, na sasa wasichana wa miaka 9 hadi 14 huchanjwa mara moja tu. Wako wanaovumisha kwamba chanjo hiyo huleta utasa. Uvumi huo ni wa uongo. Chanjo hiyo huzuia virusi ambavyo, miaka mingi baadaye, huweza kumletea mama maradhi ya kumwua angali na watoto wa kulea.

Mama mjamzito naye huchanjwa pepopunda, na kinga yake humfikia mtoto tumboni, hata kidonda cha kitovu kisimdhuru. Kwa juhudi hizo, mwaka 2012 Tanzania ilithibitishwa kuwa imeondoa pepopunda ya wazazi na watoto wachanga kama tatizo la afya ya jamii.

Anayebaki nyuma ni mwanamume. Hana mimba ya kumpeleka kliniki, na kinga aliyoipata utotoni hupungua kadiri miaka inavyopita. Aliyezaliwa kabla ya mwaka 1975 huenda hakuchanjwa pepopunda kamwe. Ilhali vijidudu vya maradhi hayo hukaa katika udongo na samadi, yaani mahali pale pale anapofanyia kazi. Pepopunda haiambukizwi na mtu kwa mtu. Kwa sababu hiyo, hata kijiji kizima kikichanjwa, asiyechanjwa hapati kinga kwa jirani yake. Aliyejikata kwa panga au kuchomwa na msumari hapana budi aoshe jeraha na kufika zahanati siku hiyo hiyo, aulize habari za chanjo, wala asiridhike na kufunga kitambaa. Vivyo hivyo aliyeumwa na mbwa: aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende upesi kuchanjwa. Dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza, ni nadra sana mgonjwa kupona.

Chama cha msingi kinaweza kusaidia bila gharama kubwa. Katibu na aonane na mganga wa zahanati, wapatane siku za huduma ya mkoba zisigongane na siku za kupima mazao. Jambo la chanjo na liingizwe katika ajenda za mkutano kabla ya msimu wa kulima. Kila mwanachama na aihifadhi kadi yake na za watoto wake pamoja na stakabadhi za mazao, maana zote ni kumbukumbu za mali. Na kamati ifikirie kumkopesha nauli mwanachama aliyejeruhiwa shambani, ili ukosefu wa fedha za siku moja usimnyime uhai.

Chama huhesabu magunia, lakini magunia hayo hutoka katika mikono ya watu wazima. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.