Waganga wa meno, mtushike na shingo



Hatukuwaita kwa kuwashitaki. Mwaka uliopita tulimsindikiza mwenzetu mmoja kupitia Kasumbalesa mpaka Lusaka, kwenye lopitali ya kansa iliyofunguliwa kule 2007, maana hapa Likasi hakuna mashine ya miali. Kasha yetu ilibaki karibu tupu. Lakini kinachotuuma si feza. Miezi mingi mbele ya safari ile alikuwa anaenda kwa munganga wa meno. Maumivu yalikuwa nyuma kabisa, yanapanda mpaka sikio. Aling'olewa jino la mwisho, kisha lingine. Uvimbe wa shingo, kwa sababu haukuuma, hakuna aliyeugusa. Ugonjwa ulikuwa kwenye tonsili.

Sisi wenyewe tulizoea kusema kansa ya mdomo ni ya watu wa tumbako na lutuku. Kwa ulimi na mashavu ni kweli. Ila huyu havuti, hanywi. Iko virusi inaitwa HPV, ileile inayoleta kansa ya shingo ya kizazi kwa wamama. Aina yake ya 16 inajificha kwenye tonsili na shina la ulimi, inakaa miaka mingi kimya. Kule Marekani ndiyo inaleta sehemu kubwa ya kansa za nyuma ya koo.

Inapita kwa kulala pamoja, hata kwa mdomo. Hapo watu wakaanza kumwuliza bibi yake maneno. Jamani! Karibu watu wazima wote wanaipata siku moja, na kwa wengi mwili unaifukuza wenyewe. Basi mtu asiulizwe aliitoa wapi, Zambia ao hapa.

Waganga, tunachoomba hakina bei: taa, kijiti cha kukandamiza ulimi, vidole viwili shingoni. Kidonda ao uvimbe ukipita majuma mawili bila kupona, msikimbilie kung'oa; mtumeni mgonjwa lopitali, wakate kipande kidogo wakipime. Ninyi ndio mnaotazama ndani ya midomo yetu. Daktari mkubwa tunamwona tukiwa tumelala tayari.

Wafadhili wametuuliza feza ziende wapi. Tunapendekeza kasha ilipe safari na kipimo cha yeyote anayekuja na barua ya munganga wa meno, siku ileile, bila kungoja mkutano. Mwenzetu amerudi nyumbani Kikula, anakunywa uji, sauti bado nzito. Anarudi Lusaka mwezi wa saba kwa kuangaliwa.