Kura Kumi na Moja na Turufu Moja



Tarehe 27 Oktoba 1981 wajumbe 15 wa Baraza la Usalama walijifungia kumpigia kura Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Kurt Waldheim wa Austria, aliyewania muhula wa tatu, alipata kura 10. Salim Ahmed Salim, Waziri wa Mambo ya Nje wa Tanzania mwenye umri wa miaka 39, alipata 11. Kura 9 zilitosha, ila isiwepo hata moja ya kukataa, yaani turufu, kutoka kwa wajumbe watano wa kudumu. Marekani ilimkataa Salim, China ikamkataa Waldheim.

Kura zile 11 zilitoka wapi? Tanzania haikuwa na fedha wala manowari. Ilikuwa na Salim, aliyekaa New York kama balozi tangu 1970 kabla ya kuwa waziri, akaiongoza kwa miaka mingi kamati ya kuondoa ukoloni, akawasikiliza wajumbe wa nchi changa ambao wakubwa hawakuwa na muda nao. Mwaka 1971 alikuwa mstari wa mbele Baraza Kuu lilipoirejeshea Beijing kiti cha China kwa kura 76 dhidi ya 35. Balozi wa Marekani aliyeshindwa siku ile alikuwa George H. W. Bush; miaka kumi baadaye alikuwa Makamu wa Rais. Deni la usiku mmoja lilimletea Salim rafiki na mpinzani kwa pamoja.

Hivyo basi, mamlaka ya mnyonge hukusanywa: mtu kwa mtu, miaka nenda miaka rudi, mchana kweupe. Mamlaka ya mwenye turufu hayahitaji kumshawishi yeyote. Kinachoniuma zaidi ni kwamba hayadaiwi hata sababu.

Lakini tuwe wakweli. China ilimzuia Waldheim mara 16, nasi tukashangilia. Silaha ilikuwa ile ile. Hatuwezi kuilaani inapotuumiza na kuibariki inapotulinda.

Mkwamo ulidumu hadi Desemba, Olara Otunnu wa Uganda alipokuwa Rais wa Baraza. Aliwaomba Salim na Waldheim wakae kando, wakakubali, na tarehe 11 Javier Pérez de Cuéllar wa Peru akapendekezwa. Mwafrika asiye na turufu ndiye aliyefungua mlango, kwa busara ya utaratibu tu.

Tangu Aprili 2022, kila turufu inapopigwa Baraza Kuu hukutana kuijadili. Ni hatua ninayoiunga mkono kwa moyo wote. Hata hivyo, wagombea wa ukatibu mkuu huchujwa kwanza kwa kura za majaribio, faraghani, ambazo kwenye kumbukumbu rasmi hazihesabiki kuwa turufu. Muhula wa Katibu Mkuu António Guterres unakwisha tarehe 31 Desemba 2026. Katika kumtafuta mrithi wake, wizara zetu za mambo ya nje zidai kwamba atakayemkataa mgombea asimame aseme kwa nini.