Watumishi Wetu na Vyama Vyao

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wajumbe wa Mkutano Mkuu, siku ya kuadhimisha miaka kumi ya Chama chetu Kikuu)



Kamati ya Sherehe iliniomba nieleze faida za ushirika. Faida hizo mwazijua kunishinda, maana ninyi ndio mletao kahawa na ninyi ndio mhesabiwao fedha. Kwa hiyo naomba radhi nitumie wakati wangu kwa jambo jingine, lililomo katika shauri la kesho. Ni la watu wale waliosimama nyuma ya turubai hili: wapakiaji, walinzi, makarani wa mizani, na kina mama wachaguao kahawa.

Sisi wakulima tumezoea kujiona wanyonge mbele ya mnunuzi, hata tumesahau kwamba tangu Chama hiki kianze, sisi nasi tumekuwa matajiri wa watu. Mtu akiajiriwa ghalani, tajiri wake si Meneja. Ni wewe na mimi.

Marehemu baba yangu alitoka huku kwetu akaenda Tanga kukata mkonge, akiwa manamba. Malipo yalikuwa ya kipande, yaani kadi ya siku 30, na kila siku mtu alipomaliza kazi aliyopimiwa kadi yake ilitiwa alama. Kadi isipojaa, fedha hakuna. Mwezi mmoja alishikwa na homa, na aliporudi kazini akakuta siku nne alizokwisha fanya hazikutiwa alama. Msimamizi akamwambia hana habari nazo. Alitusimulia kisa hiki mara nyingi sana, na kila mara alizitaja siku zile kwa majina: Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi.

Hakuwa na mtu wa kumsemea, na haja hiyo ya kusemewa ndiyo iliyozaa vyama vya wafanya kazi. Mwaka 1955 vyama vya Tanganyika viliungana katika Shirikisho, Tanganyika Federation of Labour, na Bwana Rashidi Kawawa akawa Katibu Mkuu wake. Makarani, watumishi wa majumbani, watu wa reli, wa bandarini na wa mashamba ya mkonge wakajifunza kuleta madai yao kwa sauti moja. Mwaka 1960 watu wa reli waligoma kwa karibu miezi mitatu.

Lakini nyumba ile ilipasuka kabla chokaa haijakauka. Bwana Michael Kamaliza, aliyekuwa Rais wa Shirikisho, na wenzake waliona kwamba katika nchi inayojitawala chama cha wafanya kazi hakina budi kushikamana na Serikali katika kujenga taifa. Bwana Christopher Kasanga Tumbo wa chama cha reli, na wengine pamoja naye, wakasema: tukiwa chini ya Serikali ambayo yenyewe ndiyo tajiri mkubwa kuliko wote, nani atamsemea mfanya kazi? Kwa maoni yangu kila upande ulikuwa na neno la haki. Hapakuwa na mtu wa kuwapatanisha, na mwaka 1962 zikaja sheria zilizoufanya mgomo kuwa jambo gumu mno. Januari 1964 askari waliasi, na baada ya maasi yale viongozi wengi wa vyama wakatiwa kizuizini. Shirikisho likavunjwa, na mahali pake ikawekwa NUTA kwa sheria ya Bunge. Bwana Kamaliza akawa Waziri wa Kazi na Katibu Mkuu wa NUTA kwa wakati mmoja. Jirani zetu wa Kenya nao walipitia mlango huohuo: mwaka 1965 mashirikisho mawili yalipigana Mombasa mpaka watu wakafa, Serikali ikayafuta yote mawili, ikaanzishwa COTU.

Msidhani hayo hayatuhusu. Sisi tulisoma darasa lilelile mwaka 1976, vyama vikuu vya ushirika vilipofutwa, tukakaa bila vyama vyetu mpaka sheria ya 1982 iliporuhusu vianzishwe tena. Mkulima wa wakati ule anajua ladha ya kusemewa na mtu asiyemchagua.

Sasa nije nyumbani. Watumishi wetu wamegawanyika vyama viwili. Makarani wana chao, na wapakiaji pamoja na wachaguaji wana chao. Wamo miongoni mwetu wanaosema, tena kwa kicheko, kwamba ugomvi huo ni akiba yetu, maana wakigombana wao hatuombwi nyongeza. Siwezi kuwalaumu, kwani nilipokuwa katika Halmashauri mimi mwenyewe nilisema hivyo. Tena nilitenda. Chama cha makarani tulikipa chumba na tukakikatia michango mishaharani. Barua za chama cha pili nilizifungia katika saraka langu miezi saba. Kisha ukaja msimu. Wapakiaji wakaweka magunia chini siku tatu, na mvua ikanyesha. Tukamwita kiongozi wa makarani akasema hao si watu wake. Yule wa pili tukamwita, akatuuliza tangu lini tunamjua. Mnakumbuka kahawa iliyonyeshewa uani ilishushwa daraja. Lakini hamkuambiwa sababu. Leo nimewaambia.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mtumishi haki ya kujiunga na chama akipendacho, na chama chenye wanachama walio wengi ndicho kitambuliwacho katika majadiliano ya mishahara. Kuwahesabu wanachama hao kwa haki kunawezekana kwa siku moja, iwapo sisi hatutatia mkono.

Hoja ya kesho yaomba mambo mawili. Kwanza, Halmashauri isikipendelee chama chochote mpaka hesabu hiyo ifanyike mbele ya pande zote mbili. Pili, malipo ya wachaguaji wa msimu yaingizwe katika majadiliano, maana hao ndio wenye kipato kidogo kuliko wote, na vyama vyote viwili vimewasahau mara nyingi. Sitawaficha kwamba nyongeza yoyote itatoka katika bei ya kahawa yetu, na mimi nina miche kama ninyi. Mhasibu ameandaa hesabu, na kila mjumbe atapewa nakala yake jioni hii mlangoni. Naomba muisome kabla ya kulala, na kesho kila mmoja apige kura akijua anachokitoa.