Moshi wa Stesheni za Umeme na Vifua Vyetu



Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya moshi utokao katika stesheni za umeme zinazotumia makaa ya mawe. Makaa hayo yana salfa ndani yake. Yakiungua, salfa hutoka na moshi, ikawa hewa kali ya kuchoma macho na kubana kifua. Ikikutana na mvua hugeuka asidi, ikala mabati na kuharibu mimea.

Jambo hili si dogo. Desemba 1952 moshi wa makaa ulifunika mji wa London siku tano, na watu wasiopungua 4,000 wakafa. Sheria ya hewa safi ilipitishwa Uingereza mwaka 1956, baada ya mazishi.

Dawa ipo. Ya kwanza ni kuuosha moshi kwa maji ya chokaa kabla haujatoka nje. Chokaa hushika salfa, ikawa jasi ya waashi. Njia hii ndiyo itumikayo sana hata leo, lakini hutaka chokaa nyingi, na jasi ikikosa mnunuzi hubaki tope la kutupwa.

Ya pili ilijaribiwa na Profesa Jack Winnick na wenzake katika chuo cha Georgia Tech, Marekani, miaka ya 1980 na 1990. Walichukua kigae chembamba chenye vitundu vidogo sana, wakakilowesha kwa chumvi iliyoyeyuka kwa moto, wakakiweka kati ya mabamba mawili yapitishayo umeme. Moshi hupita upande mmoja; umeme huivuta salfa, ikapenya hadi upande wa pili. Huko hukusanywa na kufanywa asidi ya kuuzwa, ambayo viwanda huitumia kutengeneza mbolea. Hakuna chokaa wala tope. Shida ni kuwa chumvi ile ya moto hula vyuma, na kigae hicho hakijaenea katika stesheni kubwa.

Hapa kwetu, mwaka 2019, baraza la mashauri ya mazingira lilifuta kibali cha stesheni ya makaa iliyokusudiwa kujengwa Lamu, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Basi twasema hivi: tajiri akilalamika kwamba kusafisha moshi ni ghali, tumwulize, ghali kwa nani? Asipolipa yeye kwa fedha, fundi wa boila atalipa kwa kifua chake, na jirani kwa mtoto wake. Gharama ya kusafisha moshi iandikwe katika mapatano kabla moto haujawashwa.

Umoja ni nguvu.