Mabua ni ya Nani? Uhai wa Udongo wa Dodoma Kati ya Julai na Novemba

 

Nimeombwa kuzungumzia kilimo hai cha kuhuisha ardhi na umuhimu wa udongo wenye uhai. Sehemu ya kwanza nitaipitia mbiombio kwa sababu wengi wenu, maafisa ugani, mnaifundisha wenyewe huko vijijini. Muda utakaobaki nitautumia kwa jambo moja ambalo nimehangaika nalo tangu nikiwa afisa ugani kijana, na ambalo ripoti zetu hulimaliza kwa mstari mmoja chini ya kichwa cha "changamoto nyinginezo". Naomba pia ieleweke kwamba pale nitakapogusa sheria ndogo na mipaka ya mamlaka, nasema kama mtaalamu wa udongo. Taasisi iliyonituma haijatoa msimamo juu ya mambo hayo.

1. Maana ya maneno

Kilimo hai ni kilimo kisichotumia mbolea za viwandani wala viuatilifu vya viwandani. Kilimo hifadhi kina nguzo tatu: kutokatua ardhi ovyo, kuifunika, na kubadilisha mazao, lakini wengi wanaokifuata hutegemea dawa za kuua magugu, kwa hiyo si lazima kiwe kilimo hai. Kilimo hai cha kuhuisha ni neno lililoenezwa na Robert Rodale wa Marekani miaka ya 1980. Kwake haikutosha shamba lisidhurike. Lilipaswa kuwa bora kila mwaka kuliko lilivyopokelewa. Kabla yake Mwingereza Albert Howard alikuwa amejifunza kutengeneza mboji akiwa Indore, India, na akayaandika hayo mwaka 1940. Sisi tuna Mkakati wa Taifa wa Kilimo Ikolojia Hai uliozinduliwa mwaka 2023. Hapo inatosha.

2. Udongo unaokula

Mezani kuna glasi mbili za maji. Asubuhi nilitumbukiza bonge kavu la udongo katika kila glasi. La kwanza limetoka chini ya mti wa mkababu ulioachwa pembeni ya shamba, la pili limetoka hatua kumi kutoka pale, mahali panapolimwa na kuchomwa kila mwaka. Bonge la kwanza bado limeshikana na maji yake ni meupe. La pili lilisambaratika kabla sijamaliza kuvua koti, na maji yamekuwa tope. Udongo ni ule ule, mvua ni ile ile.

Tofauti imeletwa na viumbe. Gramu moja ya udongo mzuri inaweza kubeba bakteria wanaofikia bilioni moja, na humo humo mna nyuzi za kuvu zinazoishi na mizizi na kuiletea fosforasi na maji. Viumbe hawa hutoa utomvu unaogandisha chembe kuwa mabonge madogo yenye vinyweleo. Mvua yetu ya Dodoma, takribani milimita 550 kwa mwaka na nyingi yake ikishuka kwa kishindo kati ya Desemba na Aprili, hupitia kwenye vinyweleo hivyo. Visipokuwepo, maji hupita juu na kwenda na udongo korongoni, halafu wiki mbili baadaye tunasema mvua haikutosha.

Viumbe hao hawaishi kwa hewa. Chakula chao ni mabua, majani, mizizi na samadi. Usipowalisha watamaliza akiba ya mboji iliyomo, kisha watakufa. Mashamba mengi ya kichanga ya mkoa huu yana kaboni hai chini ya asilimia 1. Akiba imekwisha.

Somo hili tumelipata jirani tu. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi mkubwa wa karanga Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea. Walipanga kufyeka zaidi ya ekari milioni tatu. Walileta matrekta mazito, mengine yakiwa yameundwa kutokana na vifaru vya vita. Udongo wa Kongwa wenye mfinyanzi, ukiwa uchi na umeshindiliwa, uligeuka sakafu wakati wa kiangazi. Karanga zilikuwa chini na hazikung'oleka. Mradi uliachwa mwaka 1951 baada ya kuteketeza takribani pauni milioni 36. Ukame ulichangia, na mipango mibaya ilichangia. Lakini ukisoma habari zile kwa jicho la mtu wa udongo, unaona ardhi iliyovuliwa nguo ikaachwa juani.

3. Tatizo lenyewe

Sasa nifike kwenye jambo lililonileta. Mkulima wetu anaelewa kwamba udongo hula mabua. Sihitaji kumfundisha tena. Nimewahi kuwauliza wakulima kwenye mikutano ya hadhara kwa nini hawatandazi, na sijawahi kujibiwa kwamba matandazo hayana faida. Jibu ni moja kila mahali: yataliwa.

Kwa desturi yetu, mavuno yakishatoka, shamba hufunguliwa. Kuanzia Julai hadi mvua za kwanza, kila mwenye mifugo anaweza kuchungia popote. Nafaka ni ya aliyelima, mabua ni ya atakayewahi. Desturi hii ilikuwa na busara yake wakati ardhi ilikuwa nyingi, shamba likipumzishwa miaka kadhaa, na ng'ombe wakilala karibu. Leo shamba halipumziki, na ng'ombe wanatoka mbali.

Tupige hesabu pamoja. Hekta moja iliyotoa tani moja na nusu ya mahindi huacha mabua ya takribani tani mbili. Ng'ombe wetu wa asili mwenye kilo 250 hula wastani wa kilo sita na robo za malisho makavu kwa siku. Ng'ombe ishirini hula kilo 125. Tani mbili zinakwisha kwa siku 16. Kiangazi chetu kina siku zaidi ya 150. Kwa hiyo hekta ile inakaa uchi miezi minne na zaidi, jua la Oktoba likiichoma mpaka juu yake pakazidi nyuzi 50 za sentigredi, na mvua ya kwanza ya Desemba inaikuta hivyo. Mvua ile ya kwanza ndiyo yenye madhara makubwa kuliko zote.

Mtaniuliza: si ng'ombe anarudisha samadi? Anarudisha karibu nusu ya alichokula. Lakini nyingi huangukia anapolala, yaani zizini, na zizi lina mwenyewe. Kwa maneno mengine, kila kiangazi rutuba inabebwa kwa miguu minne kutoka shamba la asiye na ng'ombe hadi zizi la mwenye ng'ombe, na baadaye huuzwa kwa tripu ya mkokoteni kwa yule yule aliyenyang'anywa. Mjane mwenye ekari mbili ndiye anayelipa zaidi katika biashara hii, na jina lake halimo katika ripoti zetu.

Miaka ya mwanzo ya kazi yangu nilimshawishi mama mmoja mkulima atandaze mabua kwenye robo ekari ya shamba darasa. Alifanya vizuri kuliko nilivyomwelekeza. Tulipanga wageni waje Jumatatu. Usiku wa Jumamosi kundi lilipita, na Jumatatu tuliwaonyesha wageni kwato. Mama yule hakulia wala hakulalamika. Aliniuliza kama nilikuwa namfundisha kulima au namfundisha kulisha ng'ombe wa watu. Sikuwa na jibu. Swali lile ndilo lililonifanya niache kuandika vipeperushi vya faida za matandazo.

Kuna wanaochoma. Tunawalaumu kwa kuberega, yaani kuchoma mabaki ya shamba, na moto kwa kweli unaua viumbe wa udongo na kupeperusha naitrojeni hewani. Lakini wengi wao wamefikiri hivi: mabua haya hayatabaki hata nikiyaacha, basi bora moto unisafishie shamba kuliko kundi la mwingine linishindilie ardhi. Moto ni njia yao ya kusema mabua ni yangu.

Mbaazi zimepatwa na mkasa huo huo. Kitaalamu ni zao la ajabu: mizizi mirefu inayopasua tabaka gumu, naitrojeni ya bure, majani yanayodondoka, kijani katikati ya kiangazi. Lakini hukomaa Agosti na Septemba, mahindi yakiwa yameshatoka na shamba limeshafunguliwa. Anayepanda peke yake hana budi kuwa mlinzi. Wachache waliokubali kulinda walivunjwa moyo mwaka 2017, India ilipozuia uagizaji na bei ikaanguka. Kisiki hai nacho, yaani kuacha visiki vya miti vichipue tena shambani, ambacho kimestawi sana mkoani kwetu, kinasimama au kinaanguka kwa sababu hiyo hiyo: chipukizi la kisiki linahitaji mtu mwenye haki ya kumwambia mchunga mbuzi apite kwingine.

Nitaje mchwa, maana nikiacha mtaniuliza. Wakulima husema matandazo huleta mchwa, na ni kweli. Ila mchwa wengi hutafuna kilichokufa, na vishimo vyao huingiza maji ardhini. Yacouba Sawadogo wa Burkina Faso alifufua ardhi iliyokuwa jiwe kwa kuweka samadi kwenye mashimo makusudi ili mchwa waje waipasue. Mashimo ya Chololo, yaliyobuniwa hapa hapa mkoani Dodoma, yanafanana na ya kwake, na mchwa hufanya kazi humo pia. Adui hayuko chini ya ardhi.

Wala adui si mfugaji. Hapa Ugogoni mfugaji na mkulima mara nyingi ni mtu mmoja, na Oktoba mabua ndiyo yanayomvusha ng'ombe wake. Nasema hili kwa uzito kwa sababu historia yetu ya amri za juu haifurahishi. Mwaka 1955 watu wa Uluguru waliandamana dhidi ya matuta waliyolazimishwa kuchimba. Mwaka 1979 mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma (HADO) uliondoa mifugo yote katika eneo la Kondoa lililoliwa na mmomonyoko. Majani yalirudi, sote tuliona, lakini ng'ombe walihamia kwa majirani na mzigo ukawafuata. Shinyanga walikwenda njia nyingine. Wasukuma walikuwa na ngitili, malisho yanayofungwa mvua zikianza ili yaliwe wakati wa kiangazi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) ulioanza mwaka 1986 haukuleta sheria mpya. Uliipa nguvu ile ya wazee, na zaidi ya hekta 300,000 zikarudi kuwa na miti na majani. Wamaasai nao wana alalili, malisho yao ya akiba. Kufunga na kufungua si jambo geni kwetu. Tumelifanya kwa nyasi, tukasahau shamba.

4. Tulipokwamia

Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inairuhusu halmashauri ya kijiji kutunga sheria ndogo, mkutano mkuu ukizijadili na halmashauri ya wilaya ikiziidhinisha. Vijiji vitatu nilivyofanya navyo kazi vilitunga za kulinda mabua, wafugaji wakiwemo mkutanoni na wakiafiki. Rasimu zilipelekwa. Mara ya kwanza zilirudishwa kwa kuwa mpangilio wa vifungu haukuwa sahihi, tulirekebisha. Mara ya pili hazikuonekana. Mara ya tatu afisa aliyezishika alihamishwa. Siitaji halmashauri hiyo, na natambua wana mzigo mkubwa. Lakini misimu sita imepita, na kila msimu udongo umeondoka.

5. Mapendekezo

1. Kila kijiji kitamke, kwa maandishi, kwamba mabua ni mali ya aliyelima mpaka atakapoyatoa mwenyewe.

2. Shamba lifunguliwe kwa tarehe, si kwa mazoea. Tarehe ipangwe na mkutano mkuu baada ya mbaazi kuvunwa, si baada ya mahindi.

3. Tuanze na nusu. Mtama na mahindi yakatwe kwa usawa wa goti: sehemu ya juu yenye majani apewe ng'ombe, visiki vibaki vimesimama kukinga upepo na mvua ya kwanza. Hii haihitaji fedha wala mradi.

4. Mabua yabadilishwe kwa samadi. Anayetaka kuchungia alaze kundi lake kwenye shamba hilo katika zizi la kuhamishika. Kwa hesabu yetu ya awali, ng'ombe ishirini wakila tani mbili kwa siku 16, karibu tani moja inaweza kubaki hapo hapo. Makubaliano yaandikwe mbele ya mtendaji wa kijiji.

5. Maafisa ugani tuache kufundisha kutandaza mahali ambapo mabua hayana mwenyewe. Tunamdhalilisha mkulima.

6. Palipo na mabua ya kutosha, yaachwe juu ya ardhi, yasifukiwe. Yakifukiwa, bakteria huchukua naitrojeni ya mmea ili kuyaozesha, na mahindi hugeuka manjano.

7. Kunde, fiwi na choroko zichanganywe na nafaka ili mizizi ibaki hai; lakini rudi pendekezo la 2, maana bila tarehe zitaliwa.

8. Wafugaji watengewe malisho ya kiangazi, kwa mfano wa ngitili. Tusiwafungie mlango mmoja bila kuwafungulia mwingine.

9. Kisiki hai na mikababu ilindwe kwa sheria ndogo hiyo hiyo ya mabua. Mkababu hupukutisha majani wakati wa mvua, hivyo hauzuii mazao jua, na hurutubisha udongo. Tusitunge sheria tatu kwa jambo moja.

10. Wanawake wasio na mifugo wawe na viti katika kamati itakayopanga tarehe. Narudia: ndio wanaolipa.

11. Glasi mbili za maji ziwe kipimo chetu kila mwaka, mwezi Novemba, shamba lile lile. Mkulima ajipimie mwenyewe.

12. Halmashauri za wilaya zijiwekee ukomo wa siku za kujibu rasimu za vijiji. Nalisema kwa heshima zote.

13. Rasimu za vijiji vitatu nilivyovitaja ziingizwe kwenye ajenda ya kikao kijacho cha baraza la madiwani, kabla ya mavuno. Nimekuja na nakala tano za kila moja, zina mihuri ya vijiji na saini za wafugaji. Ziko kwenye bahasha mbele ya Mwenyekiti wa mkutano huu.