Afya Hujengwa Kidogo Kidogo

Leo twaendelea na somo la afya. Wewe ukaaye kitini mchana kutwa, usianze kesho kwa kukimbia maili tano. Magoti yatauma, na keshokutwa utaacha. Anza kwa kutembea upesi dakika 10 kila siku. Kila juma ongeza 5, mpaka zifike 30. Ukitembea hivyo siku 5 kwa juma, umetimiza dakika 150, kiasi cha chini alichopendekezewa mtu mzima na Shirika la Afya Duniani mwaka 2020. Na sukari katika chai: vijiko vitatu viwe viwili, halafu kimoja, ulimi utazoea. Kisukari na shinikizo la damu huingia mwilini kimyakimya. Basi nasi tuyazuie maradhi hayo vivyo hivyo, kidogo kidogo, bila kuacha. Kwa heri.