KAMERA HAINA UNDUGU, LAKINI MWENYE KAMERA ANAO

Mazungumzo haya yalitayarishwa kwa ajili ya madereva na abiria wa mabasi. Tunayachapa kamili ili na wewe msomaji uliye mbali uyapate. – Mhariri.



Nianze kwa kuondoa fitina. Sikuja hapa kuwatetea wakimbiza magari. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hula mita 14 kila sekunde. Likienda 80 hula mita 22. Na pigo lake kwa mtoto anayevuka barabara haliongezeki kidogo. Linakuwa zaidi ya mara mbili na nusu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 ajali za barabarani ziliua watu milioni 1.19 duniani kote. Hesabu hiyo haina chama. Anayeikejeli hajawahi kutandika mkeka wa matanga kwa ajili ya mtu aliyeaga asubuhi akiwa mzima.

Kwa hiyo swali letu si kama sheria ya mwendo ifuatwe au isifuatwe. Ifuatwe! Swali ni hili: yule anayeisimamia, yeye anasimamiwa na nani?

Nauliza kwa sababu zama zimebadilika. Askari wa usalama barabarani amepewa msaidizi asiyelala, asiyechoka jua wala asiyeomba chai. Msaidizi huyo ni kamera. Wako wenzetu wengi, tena watu wa nia njema, wanaosema: heri mashine, maana mashine haili rushwa, haina shemeji wala mjomba. Hapo ndipo ninapoomba tusimame kidogo tutafakari.

JICHO LA ASKARI, JICHO LA MASHINE

Sheria nyingi za kila siku zilitungwa na watu waliojua kwamba askari hawezi kuwa kila mahali. Walijua kwamba katika madereva mia moja wanaozidisha mwendo, atakamatwa mmoja. Ndiyo maana faini ikawekwa ya kuuma: huyo mmoja alie kwa sauti hadi wenzake tisini na tisa wasikie waogope.

Sasa lete mashine inayowakamata wote mia. Faini ni ileile, barabara ni ileile, lakini jambo lenyewe limegeuka. Kilichokuwa onyo kimekuwa kodi, tena kodi ambayo hakuna bunge lililokaa kuijadili kwa jina hilo. Atakayenufaika ni mwenye sanduku la makusanyo, naye akishazoea utamu wake hatataka watu waache kosa. Akiacha kila mtu kukimbia, sanduku litajazwa na nani?

La pili, askari anaweza kusikiliza. Ukimwambia nyuma kuna mama mwenye uchungu wa kuzaa, atachungulia aone. Kamera haichungulii, inaona namba ya gari na tarakimu ya mwendo, basi. Lakini tusidanganyane: masikio hayohayo ya askari ndiyo mlango wa rushwa. Anayemsikiliza mama mjamzito ndiye anayemsikiliza mkubwa kwenye simu. Kwa hiyo siwaambii turudi kwa askari. Nawaambia tukimpa kazi msaidizi huyu mpya, tumwandikie masharti mapya.

UFARANSA: ZILIOKOA WATU, ZIKAVUNJWA

Je, kamera zinasaidia? Zinasaidia. Mwaka 2010 watafiti walizikusanya tafiti 35 za nchi mbalimbali wakakuta kwamba karibu na kamera ajali za kuua na kujeruhi vibaya zilipungua, mahali pengine kwa asilimia 11, pengine hadi 44.

Ufaransa ilifunga kamera zake za kwanza za kujiendesha mwaka 2003. Mwaka 2002 barabara za nchi hiyo ziliua watu zaidi ya 7,000. Mwaka 2010 waliokufa walikuwa chini ya 4,000. Si kamera peke yake iliyofanya kazi hiyo, maana walibana pia ulevi na mikanda, lakini mchango wake haukanushiki.

Sasa sikiliza kilichofuata. Julai 2018 serikali ya Paris ikashusha mwendo katika barabara nyingi za vijijini kutoka kilomita 90 hadi 80. Miezi michache baadaye, wananchi waliovaa vizibao vya njano wakaingia barabarani kupinga ugumu wa maisha na kodi ya mafuta. Kufikia Januari 2019 waziri wa mambo ya ndani akakiri kwamba karibu asilimia 60 ya kamera za nchi nzima zimeharibiwa. Zilipakwa rangi, zilichomwa moto, zilifunikwa mifuko.

Kulikoni watu wavunje kitu kinachookoa roho zao? Mtu wa kijijini asiye na treni, anayeendesha gari kila siku kwenda kibaruani, aliiona ile kamera kama mkono mwingine mfukoni mwake. Hakuna aliyekaa naye akamwonyesha vinginevyo. Serikali ikiwa na mashine sahihi lakini haina imani ya watu, kilichobaki ni chuma kilichosimama juu ya nguzo.

CHICAGO: MASHINE SAFI, MIKONO MICHAFU

Wale wanaoamini kwamba mashine haili rushwa nawapeleka Chicago, Marekani. Mji huo ulianza mwaka 2003 kufunga kamera za kuwanasa wanaopita taa nyekundu. Kampuni iliyopewa kazi iliitwa Redflex. Mpango ukanona hadi ukawa na kamera zaidi ya 380, na faini zilizokusanywa zikavuka dola milioni 500. Hiyo ndiyo sifa yake mbele ya watu.

Nyuma ya pazia alikuwapo John Bills, ofisa wa idara ya barabara za mji aliyeusimamia mpango huo. Januari 2016 mahakama ya shirikisho ilimtia hatiani kwa mashtaka yote 20. Alikuwa amepokea mamia ya maelfu ya dola taslimu, pamoja na safari za starehe, gari aina ya Mercedes na nyumba katika jimbo la Arizona. Akahukumiwa kifungo cha miaka 10. Karen Finley, aliyekuwa mkuu wa Redflex huko Marekani, naye akafungwa miezi 30. Mwaka 2017 kampuni ikakubali kuulipa mji dola milioni 20 ili kesi ya madai iishe.

Umeona, msomaji? Kamera haikula hata senti moja. Aliyekula ni aliyeichagua. Rushwa haikuondoka barabarani ikafa, ilihama. Ilitoka kwenye kiganja cha askari juani, ikaenda kwenye ofisi yenye kiyoyozi, huko ambako dereva haioni wala hawezi kuilalamikia.

Mambo hayakuishia hapo. Taa ya njano inatakiwa iwake kwa sekunde 3 kabla ya nyekundu. Mwaka 2014, mji ulipobadili mkandarasi, kiwango cha kukubali picha kikashushwa kimyakimya kutoka sekunde 3.0 hadi 2.9. Sehemu moja ya kumi ya sekunde! Hata kope haijafumba ikafumbuka. Lakini Inspekta Mkuu wa mji alipochunguza akakuta ufa huo mdogo ulizaa hati 77,000 za faini, zenye thamani ya karibu dola milioni 8. Hakuna dereva aliyebadilika, wala barabara iliyobadilika. Kilichobadilika ni namba moja ndani ya kompyuta.

Kisha Machi 2021 mji huohuo ukaanza kuwatoza dola 35 waliozidisha mwendo kwa maili 6 tu, yaani kama kilomita 10 kwa saa. Kabla ya hapo kamera ilikuwa inawaacha mpaka wafikie maili 10. Na faini ya dola 100 isipolipwa kwa wakati huongezeka maradufu. Mwaka 2022 chombo cha habari cha ProPublica kikaonyesha kwamba, kati ya 2015 na 2019, mitaa ya watu weusi na ya Walatino iliandikiwa hati kwa kiwango cha karibu mara mbili ya mitaa ya wazungu. Hakuna aliyeifundisha kamera ubaguzi. Ila mitaa ya walalahoi ndiyo iliyopasuliwa na barabara pana zinazomshawishi mtu kukanyaga mafuta, wakati mitaa ya wenye nazo ina njia nyembamba zenye kona na miti. Mashine haina upendeleo, lakini ardhi iliyosimama juu yake inao.

FAINI MOJA, MIFUKO MIWILI

Nchi ya Finland imelitazama jambo hili kwa jicho la haki. Huko makosa makubwa ya mwendo hutozwa kulingana na kipato cha mkosaji. Mwaka 2023 tajiri mmoja wa visiwa vya Åland, aliyekwenda kilomita 82 mahali pa 50, alitozwa euro 121,000. Mlalahoi wa kosa hilohilo angelipa kadiri ya mlalahoi. Wote wawili wangeumia sawa, na hiyo ndiyo maana ya adhabu.

Hata sisi tumeligusa jambo hilo. Katika bajeti ya mwaka 2021 serikali ilipendekeza faini ya pikipiki na bajaji ishuke kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000 kwa kosa. Huko ni kukubali kwamba shilingi 30,000 kwa kijana wa bodaboda ni chakula cha watoto, na kwa mwenye shangingi ni bei ya chakula cha mchana. Basi tusiishie kwa wa chini tu. Mwenye shangingi naye apande ngazi.

NA SISI TUJIULIZE

Tochi tunaijua. Askari anaipiga mahali fulani, picha inaruka kwa simu, mwenzake anakusimamisha kilomita kadhaa mbele na kukuonyesha gari lako. Unalipa kwa sababu una abiria, una ratiba, huna muda wa kubishana. Lakini mizani ya mama muuza nyanya hukaguliwa na Wakala wa Vipimo na kugongwa muhuri. Tochi nayo ni mizani. Inapima mwendo wako na kukutoza. Kwa nini muhuri wa mizani ya nyanya uonekane, na wa tochi usionekane?

Mabasi ya mikoani yamefungwa kifaa cha kufuatilia mwendo chini ya LATRA. Dereva akizidisha, kifaa hulia na abiria wote wakasikia. Mashine ya namna hii ninaisifu, maana inaonya kabla ya kuadhibu, tena mbele ya mashahidi. Lakini nayo ina upofu wake: inaona usukani, haimwoni tajiri aliyempigia dereva simu akimwambia lazima ufike saa fulani ama kazi huna. Mmoja anatoa amri, mwingine analipa faini.

Na gari lenye namba za serikali likipita mbele ya kamera kwa kilomita 140, wala si gari la wagonjwa wala la zimamoto, je, hati inamfikia nani? Ikifika, inalipwa kwa mfuko wa nani? Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Kamera haina undugu. Mwenye kamera anao.

Kwa hiyo, ndugu zangu, siku kamera zitakapotandazwa barabara zote, tusizivunje kama Wafaransa wala tusizipigie vigelegele kama vipofu. Tudai mambo matano.

Kwanza, mkataba wa kila mkandarasi uwekwe wazi, na asilipwe kwa idadi ya hati anazotoa, maana anayelipwa kwa kila samaki hataacha hata dagaa.

Pili, namba inayoamua nani kakosa isibadilishwe gizani. Ikibadilika itangazwe gazetini kabla ya kuanza kutumika.

Tatu, kosa dogo la kwanza liwe onyo. Adhabu ipimwe upya kwa zama ambazo kila mtu anakamatwa.

Nne, fedha za faini zirudi barabarani kwenye matuta, vivuko vya shule na taa, zisipotelee katika mfuko mkuu. Mafanikio ya kamera yapimwe kwa makaburi yaliyopungua, si kwa makusanyo yaliyoongezeka.

Tano, magari ya wakubwa yaingie katika kamera hiyohiyo, na orodha ya yaliyonaswa itolewe kila mwaka.

Nawe msomaji, usingoje mpaka hayo yatimie. Kesho ukionyeshwa picha ya gari lako, uliza kwa adabu: imepigwa wapi, saa ngapi, kwa chombo gani, na risiti yangu iko wapi? Kama umekosa, lipa, kisha punguza mwendo. Kama abiria umeona dereva anakimbia, mwambie taratibu, na kama tajiri ndiye anayemkimbiza, msemeni tajiri. Sheria inayomwona kila mtu ni sheria njema, mradi na sisi tunaruhusiwa kuiona.